Haukuwa upepo, ni mimi

Najua nimeadimika, tesiti zilinibana kweli kweli. Leo nina jambo moja tu, na si la kujisifia.

Jumamosi nilimsindikiza jamaa yangu wa Mombasa, tunakaa naye bweni moja hapa Cape Town, kwenda Blouberg kucheza kaiti. Kwa wasioujua mchezo wenyewe: unajifunga mkanda mpana kiunoni, unasimama kwenye ubao, halafu tiara kubwa kuliko kitanda cha watu wawili inakuburuta juu ya maji kwa kamba za mita 20 na ushee. Jamaa alijifunza kwao, Diani. Mimi mtoto wa Dodoma, bahari nimeikutia ukubwani, kwa hiyo kazi yangu huwa kulinda viatu na chipsi.

Tukapanda MyCiTi mpaka Table View. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unapiga hadi mchanga unachoma miguu kama sindano. Wenyeji wanauita Daktari wa Cape, eti unafagia hewa chafu ya mji. Na maji sasa, acheni! Upepo huohuo unayasukuma maji ya juu kwenda mbali, ya chini kabisa yanapanda kuchukua nafasi, basi kiangazi chote bahari ni friji. Nilitia kidole kimoja tu cha mguu, kikatosha.

Tiara ili ipae, lazima kuwe na mtu wa kuishika. Siku hiyo mtu huyo nikawa mimi. Jamaa akanielekeza vizuri tu: "Shika hapa ukingoni, nikikuonyesha dole gumba, achia. Usirushe." Akaenda mwisho wa kamba, akawa anasogeasogea kutafuta pembe yake. Akainua mkono. Nikaachia.

Kumbe alikuwa anafuta mchanga usoni.

Alikuwa bado yuko upande unakotoka upepo, tiara iko mbele yake kabisa. Ikiruka hapo haipandi taratibu pembeni, inavuta kwa nguvu zote. Nilimwona anapaa, anaanguka kwa tumbo, anaburutwa kama gunia kuelekea kwa mama mmoja aliyekaa na mtoto. Zilibaki kama hatua nne hivi ndipo akafyatua kifaa cha usalama, tiara ikalala chini. Kiwiko chote ngozi imetoka.

Nikamkimbilia. Akakohoa mchanga, akasema: "Upepo wa leo kichaa, ndugu yangu."

Na mimi nikajibu: "Kabisa, umekuja ghafla."

Yaani hivyo hivyo, bila hata kupepesa macho.

Baadaye akarushiwa na mtu mwingine, akaingia majini na damu yake kwenye kiwiko. Anaruka juu, nyuma yake kisiwa cha Robben, watu wanapiga miluzi. Mara mbili tiara ilianguka majini ikanyanyuka tena. Ina mirija inayojazwa hewa kwa pampu, ubunifu wa ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioutolea hataza mwaka 1984. Siku nyingine ningefurahia haya yote. Chipsi zilipoa, sikuzigusa.

Jioni nikampaka dawa, akanishukuru. Jana kaniambia Jumamosi twende tena, "wewe ndiye mshika tiara wangu sasa."

Yuko chumba cha pili, nasikia harufu ya chapati. Nakwenda kumgongea kabla hajafungua kompyuta yake akayasoma haya.