Jina, Anwani na Mwenye Kalamu

Queensburgh, magharibi mwa jiji la Durban, si mahali panapotajwa mara kwa mara katika maandishi ya Kiswahili. Ni mkusanyiko wa vitongoji, miongoni mwavyo Malvern, Escombe, Northdene na Moseley, na leo vyote vimo ndani ya Manispaa ya eThekwini. Kwa hiyo mkazi mmoja, bila kuhama hata chumba, anaweza kuandika kwamba anaishi Malvern, Queensburgh, Durban au eThekwini, na asiwe amesema uongo. Mwenye taabu ni yule anayemtafuta.

Chukua mfano wa mkalimani wa Kiswahili anayeishi Malvern, mwanamke aliyetoka Bukavu. Durban ina Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili, na kazi yake huanza kwa simu: hospitalini kuna mama mjamzito asiyeelewana na daktari, au wakili ana mteja asiyejua Kiingereza. Mkalimani akibadili nambari, kadi zake za karatasi zinabaki mikononi mwa watu, zikiendelea kutaja nambari ile ya zamani kwa herufi nzuri. Na anayenakili kutoka kwenye kadi anaweza kukosea tarakimu moja tu. Hapo mgonjwa ana jina la mkalimani, lakini mkalimani hana.

Kadi ya kielektroniki ilibuniwa kuziba pengo hilo. Muundo wake unaotumika zaidi, vCard, ulitokana na muungano wa kampuni za Apple, AT&T, IBM na Siemens katikati ya miaka ya 1990. Ni faili fupi la maandishi, kila mstari ukiwa na kazi yake: jina, simu, barua pepe, anwani. Simu ya mpokeaji huusoma kila mstari na kuuhifadhi mahali pake. Hakuna anayenakili kwa mkono, basi hakuna anayeruka tarakimu. Faili hilo huweza kutumwa kama ujumbe, au kufichwa ndani ya msimbo wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994, mtu akaelekeza kamera tu.

Hata hivyo misimbo si ya aina moja. Upo unaobeba maelezo yenyewe: husomeka hata pasipo intaneti, lakini huzeeka kama karatasi. Upo pia unaobeba kiungo tu, kinachompeleka mtu kwenye ukurasa ambao mwenyewe anaweza kuurekebisha leo na kesho. Huo hauzeeki, lakini huishi kwa muda ule ambao kampuni inayotunza ukurasa itaishi. Na aliyekwisha kuhifadhi nambari ya zamani kwenye simu yake habadilishiwi chochote mpaka aufungue ukurasa tena. Usahihi, kwa hiyo, ni kazi ya mtu kabla ya kuwa sifa ya chombo.

Ugumu zaidi umo kwenye visanduku. vCard huligawa jina katika sehemu kadhaa, na ya kwanza ni jina la ukoo. Mswahili wa pwani ana jina lake, la baba na la babu. Lipi ni la ukoo? Mkongo ana majina ambayo Kifaransa huyaita nom, postnom na prénom. Lile la katikati litawekwa wapi? Toleo la nne, la mwaka 2011, lilipunguza ubishi: jina kamili kama mwenyewe anavyotaka lisomeke ni la lazima, mgawanyo wake ni hiari. Upande wa anwani toleo hilohilo halikutuacha salama. Linashauri kisanduku cha sanduku la posta kiachwe wazi, kwa sababu programu nyingi hazikielewani nacho. Kwa Afrika Mashariki, ambako taasisi nyingi hujulikana kwa S.L.P. kuliko kwa jina la barabara, huo si ushauri mdogo.

Kusini mwa Queensburgh kuna Chatsworth, na historia ya mahali hapo inaonyesha gharama ya jina lililoandikwa na mwingine. Kuanzia mwaka 1873 wanamaji wa Uingereza waliwashusha Durban mateka waliowakomboa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Kwa kuwa walipitia Unguja, wakaitwa Wazanzibari. Jina hilo likakaa. Miaka ya 1960, serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha wazao wao kutoka Bluff hadi Chatsworth, eneo lililotengewa Wahindi. Kwao anwani ilikuwa amri ya serikali.

Ndiyo maana inafaa kuuliza si tu kama kadi ni sahihi, bali pia nani ameshika kalamu na nani anasoma. Aprili 2015, wageni walipofukuzwa majumbani mwao Durban, kambi za muda zilifunguliwa Isipingo, Phoenix na Chatsworth. Mkalimani wetu anajua kwamba nambari sahihi ya simu ingeweza kumkutanisha mtu na nduguye siku zile. Anajua vilevile kwamba anwani sahihi ya nyumba, ikiwa mikononi mwa kila mtu, ingeweza kumletea adui mlangoni.

Kadi inayomfaa basi ni fupi: jina kamili kwa mpangilio wake mwenyewe, lugha anazotafsiri, nambari moja anayoipokea, barua pepe, na neno Durban peke yake. Mtaa na nambari ya nyumba atampa yule anayestahili. Faili lina pia mstari wa kuonyesha siku lilipofanyiwa marekebisho ya mwisho. Si wengi wanaoujaza, ingawa ndio unaomwambia msomaji kama mwenye kadi bado anaitunza.