Nyasi Isiyo na Mbegu

Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii imekwisha kusemwa mara nyingi sana, barazani na majukwaani, hata aghalabu msikilizaji huwatazama fahali tu: yupi mwenye nguvu, yupi atakayeshinda. Nyasi hazitazamwi. Zimo katika methali ili zikanyagwe, na zikishakanyagwa habari yao imekwisha. Ndivyo zilivyo pia katika maisha ya kila siku. Ndago hung'olewa, ukoka hufyekwa, na majani marefu ya kando ya njia hukumbukwa pale tu yanapohofiwa kuficha nyoka. Mti una heshima ya kivuli na matunda. Ua lina heshima ya rangi na harufu, na washairi wameisifu asumini na waridi kwa karne nyingi. Ni nadra mtu kuziona nyasi akasimama kuzitazama.

Karl Foerster alisimama. Mtu huyu alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 9 Machi 1874. Baba yake, Wilhelm Foerster, alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota na mkuu wa kituo cha kuangalizia nyota cha mji huo. Baba aliyatumia maisha yake kutazama juu, mwana akayatumia yake kutazama chini, naye akaishi miaka 96 bila ya kuchoka. Mwaka 1903 alianza kitalu chake mwenyewe huko Berlin, na baada ya miaka michache akakihamishia Bornim, karibu na mji wa Potsdam. Hapo alibaki hadi alipofariki mwaka 1970.

Sifa yake ya kwanza ilitokana na maua, hasa yale ya kudumu, ambayo hukauka juu ya ardhi wakati wa baridi na kuchipua tena kutoka mizizini jua linaporejea. Alikusudia kupata mimea yenye uvumilivu, isiyohitaji kubembelezwa, ili hata mtu wa kawaida mwenye uwanja mdogo na kazi nyingi awe na bustani. Lakini katika kutafuta mimea migumu alikutana na kundi lililokuwa gumu kuliko yote, nalo halikuwa na nafasi yoyote bustanini. Kundi hilo lilikuwa nyasi.

Si kwamba bustani za Ulaya za wakati huo hazikuwa na nyasi. Zilikuwa nazo tele, lakini zilikatwa na kukatwa tena hadi zikafanana na zulia, na kazi yake ilikuwa kukaa chini ya miguu na kuyapisha maua yaonekane. Nyasi ndefu, yenye kimo chake na masuke yake, ilikuwa mali ya mtaro, ya shamba na ya kiwanja kilichotelekezwa. Kuipanda mbele ya nyumba kwa makusudi kulihitaji jicho jingine. Ua hupendeza likiwa limetulia, ilhali nyasi ndefu haijulikani uzuri wake mpaka upepo uvume. Mwaka 1957, akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 80, Foerster alitoa kitabu kizima kuhusu kuingizwa kwa nyasi na madole katika bustani.

Kati ya nyasi zote alizozishughulikia, moja ndiyo iliyokuja kuitwa kwa jina lake. Ilionekana kwanza katika bustani ya mimea ya Hamburg. Ilikuwa chotara wa nyasi mbili za mwituni: mmoja wa wazazi wake hukaa katika misitu, na mwingine hutawala viwanja vya wazi na kutambaa chini kwa chini hadi ukamshinda mkulima. Mtoto hakurithi tabia ya kutambaa. Husimama pale pale alipopandwa, wima kama mtu aliye safuni. Mwaka 1950 Foerster aliiweka katika orodha ya mimea ya kitalu chake, nayo ikawa aina mpya mikononi mwa watu.

Umbo lake si la kushangaza kwa mara moja. Huchipua mapema, wakati ardhi ingali baridi. Ifikapo mwezi wa Juni hutoa masuke yaliyolegea, ya rangi ya zambarau iliyopauka, katika kimo cha kama mita moja na nusu. Siku zikipita masuke hujikusanya, yakawa membamba, na rangi ikageuka kuwa ya ngano iliyoiva. Maua ya jirani hukauka na kuondolewa, nayo ingali imesimama. Mvua kubwa huiinamisha, lakini ikishakauka huinuka tena. Hupita majira ya majani kupukutika, hupita theluji, mpaka mtunza bustani aje kuikata karibu na ardhi, mwishoni mwa baridi, ili ianze upya.

Pamoja na hayo yote, nyasi hii ina jambo moja ambalo kwa mkulima yeyote lingeonekana kuwa ni kasoro. Masuke yake hayana mbegu ziotazo. Imezaliwa tasa, kama nyumbu aliyezaliwa na farasi na punda.

Utasa huo una rehema yake, na wakaazi wa visiwani wana sababu ya kuielewa kuliko wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyasi nyingine ya mapambo, ambayo asili yake imo Afrika, yenye masuke laini kama mkia, ilipelekwa visiwa vya Hawaii kwa sababu ya uzuri wake. Hiyo ilikuwa na mbegu, tena nyepesi na za kupeperuka. Ilitoka bustanini, ikapanda nyanda za mawe ya volkano, ikakauka na kuwa kuni za moto. Moto ukipita, miti ya asili ya msitu mkavu hufa, na nyasi hiyo huchipua tena juu ya majivu. Uzuri ulioingia kwa mlango wa mbele ukawa mwenye nyumba. Nyasi ya Foerster haiwezi kufanya hivyo. Haikai mahali ambapo haikualikwa.

Lakini rehema hiyo ina gharama yake. Kiumbe kisicho na mbegu hakina safari ya peke yake. Upepo haukichukui wala ndege hambebi mtoto wake. Ili nyasi hii iendelee kuwako duniani ni lazima mtu achimbe shina, aligawe kwa jembe au kisu, abaki na nusu na nusu nyingine ampe mwenziwe. Mtu huyo asipopatikana, au akiamua kuwa choyo, habari imekwisha. Na miaka ambayo nyasi hii ilihitaji watu wa namna hiyo ilikuwa miaka ambayo fahali walikuwa wakipigana.

Foerster aliishi chini ya kaisari, chini ya jamhuri, chini ya Wanazi na chini ya serikali ya kikomunisti, na yote hayo yalimfikia bila ya yeye kuhama Bornim. Hakuwa shujaa wa kutungiwa tenzi. Mwaka 1940 alijiunga na chama cha Wanazi. Katika miaka hiyo hiyo, hata hivyo, hakuwatupa marafiki zake Wayahudi, na aliwapa kazi kitaluni watu waliokuwa wakisakwa na utawala huo. Mambo haya mawili yamo katika maisha ya mtu mmoja, na hakuna haki ya kulitaja moja na kulificha jingine. Aliinama, na huku ameinama aliwafunika wengine. Atakaye kumhukumu ana hoja, na atakaye kumshukuru ana hoja pia.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1945 mabomu yaliuangukia mji wa Potsdam. Katikati ya mto Havel, ndani ya mji huo, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Kisiwa cha Urafiki, ambapo mwishoni mwa miaka ya 1930 palitengenezwa bustani ya maonyesho kwa shauri la Foerster, ili watu waje kuiona mimea ya kudumu na kuchagua. Bustani hiyo iliharibiwa na vita. Ikaja kupandwa tena katika miaka ya 1950. Potsdam ikawa Ujerumani Mashariki, na mwaka 1961 ukajengwa ukuta wa Berlin. Mtu wa Bornim aliyetaka kwenda Berlin Magharibi, mji ulioonekana kwa macho, hakuweza.

Nyasi ilikwisha kupita. Ilichukuliwa hadi Denmark, na kutoka huko, katika miaka ya 1960, ikavuka bahari hadi Marekani. Huko ilipata watu wake. Mmoja wao alikuwa Wolfgang Oehme, mzaliwa wa Chemnitz, ambaye alihamia Marekani mwaka 1957. Pamoja na mwenziwe James van Sweden alizipanda nyasi ndefu kwa wingi katika bustani za Washington, mbele ya majengo ya serikali ambako zamani palikuwa na zulia la kijani tu. Mwaka 2001 chama cha wakuzaji wa mimea ya kudumu huko Marekani kiliitangaza nyasi ya Foerster kuwa mmea wa mwaka. Mwenye jina alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 30. Binti yake, Marianne, aliyekuwa akiishi Ubelgiji kwa miaka mingi, alirudi Bornim baada ya ukuta kuanguka, akaitunza bustani ya baba yake hadi alipofariki mwaka 2010.

Kwa hiyo kila kichaka cha nyasi hii, kiwe mbele ya benki au nyuma ya nyumba ya mstaafu, ni kipande cha kichaka kile kile cha kwanza. Si mjukuu wake wala kitukuu chake, bali ni yeye mwenyewe, aliyegawanywa na kugawanywa tena.

Mtu wa pwani hana haja ya kuiagiza. Nyasi hii hutaka baridi, na joto la mwambao halitaipendeza. Lakini habari yake si ngeni. Pembeni mwa nyumba nyingi za pwani, karibu na mahali pa kuoshea vyombo ambapo maji hayakauki, umo mchaichai. Mchaichai nao ni nyasi, mrefu, wenye majani makali ya kukata vidole, na hutoa maua kwa nadra mno. Hakuna anayenunua mbegu zake dukani. Anayeutaka hubisha hodi kwa jirani: “Bibi, nimekuja kuomba mbegu ya mchaichai.” Na bibi hainuki kutafuta kopo la punje. Huinama, akabandua machipukizi mawili matatu yenye mizizi, akayapunguza majani, akayatia mkononi mwa mwombaji.

Kiswahili kimeliita tendo hilo kwa jina lake tangu zamani. Mbegu ya muhogo ni kijiti kilichokatwa. Mbegu ya viazi vitamu ni kipande cha mtambaa, na mbegu ya mchaichai ni shina lenye mizizi. Katika lugha ya wakulima wa pwani mbegu si lazima iwe punje ndani ya ganda. Mbegu ni kile ambacho mtu humpa mwenziwe akapande. Kwa lugha hiyo nyasi ya Bornim haikuwa tasa kamwe. Mbegu yake ilikuwa mikononi mwa watu, na haikumwagika, hata katika miaka ambayo mikono mingi ilikuwa imeshika mambo mengine.

Methali ya fahali na nyasi ni ya kweli, na haina haja ya kusahihishwa. Nyasi huumia. Bali methali humalizika mapema, kwa sababu aliyeitunga alikuwa akitazama mapigano, na mapigano yalipokwisha alikwenda zake. Baada ya yeye kuondoka mvua ilinyesha. Mtu fulani alipita kwenye uwanja uliovurugwa, akaona shina moja bado lina uhai, akaenda nalo nyumbani. Na mwaka uliofuata jirani yake alipobisha hodi, alimgawia nusu.