Mzigo Uko kwa Boda

Shangazi yangu alikuwa na nguo maalumu ya kwendea Kariakoo: gauni la kitenge lililokwisha kupauka, kanga juu yake, na ndala. Hakuwa mtu wa dhiki. Alikuwa karani wa serikali, na saa yake ya mkononi aliivua asubuhi hiyo akaiacha kabatini. "Ukienda umependeza," aliniambia, "na bei nayo inapendeza."

Alijua alisemalo. Miaka ya tisini mwishoni, ukikatiza Mtaa wa Kongo au Narung'ombe, bei haikuandikwa popote. Muuzaji alianza na viatu vyako, akapanda taratibu mpaka kwenye nywele, na alipofika juu alikuwa ameshajua akutajie ngapi. Aliyevaa ndala anaambiwa elfu nane kwa shuka lile lile ambalo wewe, uliyetoka kazini na mkoba wako begani, unaambiwa elfu kumi na mbili. Hapo ndipo shughuli inaanza: unapunguza, anakataa, unaondoka, anakuita, unarudi, anakulaumu kwamba unataka afunge duka. Wapo waliozaliwa na kipaji hicho. Shangazi alikuwa akitoka Kariakoo amechangamka kama mtu aliyetoka harusini. Mimi nilikuwa natoka nimechoka, na nina uhakika nimepigwa.

Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wakizungumzia kununua kwa simu na kuletewa nyumbani husema ni uvivu, au ni foleni, au ni ujana. Foleni ipo, nitaifikia. Lakini kwangu raha ya kwanza ilikuwa kwamba muuzaji hanioni.

Foleni yenyewe, basi. Mwaka 2011 tulihamia Chamazi, wakati huo mikorosho bado ni mingi kuliko nyumba. Waliojenga pembezoni mwa Dar es Salaam miaka ile wanaijua hesabu: kiwanja ni rahisi, kufika mjini ndiko ghali. Unapanda gari mpaka Mbagala Rangi Tatu, unashuka, unagombania jingine la Kariakoo huku vijana wakiingilia dirishani, halafu Barabara ya Kilwa yote: Zakhem, Mtongani, Kwa Aziz Ali, Uhasibu. Kurudi ni vile vile, ila sasa una mizigo, na konda anataka nauli ya beseni lako. Mwaka 2019 ukaanza ujenzi wa njia ya mwendokasi, kilomita 20.3 za michepuko, vumbi kiangazi na tope masika. Kufuata pazia mjini kukawa kazi ya siku nzima, na ukifika nyumbani ukagundua rangi haiendani na makochi, unalitundika hivyo hivyo.

M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na kwa muda mrefu nilidhani kazi yake ni kumtumia bibi hela ya dawa kijijini. Kununulia kitu kulikuwa na usumbufu, hasa muuzaji akiwa mtandao mwingine. Hilo lilianza kulainika kampuni za simu zilipokubaliana kutumiana pesa moja kwa moja. Vodacom, yenye wateja wengi, ilijiunga mwaka 2016. Bodaboda nazo zilikuwa zimeshajaa, kila kona ya Mbagala ina kijiwe. Simu za kupangusa zikashuka bei. Mambo hayo matatu yalikua kila moja kivyake, na sikumbuki mkubwa yeyote aliyekaa ofisini akapanga kuyakutanisha. Walioyakutanisha ni akina dada wenye kurasa za Instagram, simu moja mkononi na boda mmoja wanayemwamini.

Nilianza na hotpoti. Picha yake ilikuwa nzuri, chini yake wameandika "free delivery Dar, mikoani tunatuma", na pale ambapo ningetarajia bei pakaandikwa: "Bei njoo inboksi mpenzi." Naomba niseme wazi kwamba tabia hii siipendi. Kuficha bei ya hotpoti kuna maana gani? Mpaka mdogo wangu aliponifungua macho: kabla ya kukujibu, wengine hupitia kwanza picha yako ya wasifu. Wakiona umesimama kando ya gari, au uko hoteli ya ufukweni, unapewa bei ya gari na ufukwe. Ni Mtaa wa Kongo ule ule, umehamia kwenye kioo. Siku ile ile niliondoa picha yangu ya harusini nikaweka ua la waridi, na mpaka leo mimi ni ua la waridi.

Kilichobaki kilikuwa uaminifu. Hizi ndizo zama za ujumbe ambao nadhani kila Mtanzania mwenye simu amewahi kuupata, "ile hela itume kwenye namba hii", kutoka kwa mtu usiyemjua kuhusu hela usiyodaiwa. Katika nchi yenye ujumbe huo, kumtumia mgeni elfu thelathini kabla hujaona kitu si jambo dogo. Kwa hiyo ukazuka utaratibu wa kulipa mzigo ukikufikia, na utaratibu huo ndio uliotuvuta sisi wa pembezoni. Jumia, kampuni kubwa yenye programu yake na mtaji wa ng'ambo, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Akina dada wa Instagram hawakutetereka. Hawakuwa na ghala la kulipia kodi, wala bodi ya wakurugenzi wa kuwaeleza hasara.

Mdogo wangu ni mmoja wao. Anaishi Bunju, mwisho kabisa wa Kinondoni upande wa Bagamoyo, na duka hana. Bidhaa pia hana. Anaamka alfajiri, anakwenda Kariakoo, anapita duka hadi duka akipiga picha magauni ya watu wengine kwa ruhusa yao, anayapandisha kwenye status na Instagram, kisha anangoja. Ukiagiza gauni, ndipo anakwenda kulichukua. Kama dukani ni 18,000, kwako ni 25,000. Hiyo tofauti ndiyo cha juu chake, na nauli ya boda ni juu yako. Ile "delivery ya bure", ananiambia, imeshawekwa ndani ya bei, hakuna boda anayeendesha kwa upendo. Mteja akiwa Lindi, mzigo unapandishwa basi. Akiwa Dodoma, unapelekwa Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, na namba ya gari inatumwa kwa WhatsApp.

Kariakoo mtu wa namna hiyo anaitwa winga. Mawinga walikuwapo tangu zamani, wale vijana wanaokudaka ukishuka tu kwenye gari: "Dada unatafuta nini? Njoo nikupeleke." Wakati ule niliwakimbia. Leo namlipa mmoja cha juu kwa furaha, tena ni mtoto wa mama yangu, na punguzo hanipi.

Mama aliposikia tunavyojisifu kwa maendeleo haya alicheka. Nimekulia Tandika, na kwa kweli tulipokuwa wadogo mama hakuwa mtu wa kwenda sokoni sana ijapokuwa soko lilikuwa karibu. Soko lilimjia. Asubuhi samaki kutoka Feri ndani ya beseni kichwani, mchana mafuta ya taa kwenye mkokoteni, jioni mmachinga na suruali zimening'inia begani, amebeba duka zima mwilini. Mama wa vitenge alikuwa akipita mwisho wa mwezi na daftari lake. Unachukua leo, unalipa mara tatu, na akikukuta huna anakaa kibarazani anakunywa chai mpaka upate aibu. Hata miaka ya dhiki ya mwanzoni mwa themanini, watu walipopanga foleni kwenye maduka ya RTC kupata sukari na sabuni, vitu vilikuwa vikibisha hodi usiku. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu alikamatwa kwa katoni za sabuni chini ya kitanda, na bado sabuni ilifika mlangoni, imefungwa kwenye kanga. "Tuliletewa kabla yenu," anasema mama. "Nyie mlipotea hapo katikati, mkaanza kuifuata Kariakoo wenyewe."

Ana hoja. Ila yeye aliyemletea alimjua sura, na nyumba yetu ilijulikana. Chamazi hakuna anayejua nyumba ya mtu. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi. Nguzo zenye majina ya mitaa zikasimikwa, na nyumba zikapewa namba. Yetu ipo getini. Nilimsomea boda namba hiyo kwa fahari, jina la mtaa na kila kitu, akanisikiliza kwa heshima, kisha akauliza: "Sawa mama, ni karibu na nini?"

Mazungumzo yetu tangu hapo ni haya haya.

"Shikamoo mama. Mimi boda, nina mzigo wako."

"Marahaba mwanangu. Umefika wapi?"

"Niko hapa kwenye transfoma."

"Transfoma ya msikitini au ya kwa mjumbe?"

Kimya. "Hapa kuna mama anakaanga mihogo."

"Mpe simu."

Mama wa mihogo anachukua simu, ananisalimu, ananiuliza watoto, kisha anamwelekeza kijana mpaka getini. Nadhani anwani yetu halisi ni yeye. Amewahi hata kunipokelea mizigo nikiwa kazini, akatoa hela yake mfukoni kumlipa boda, nami nikamrudishia jioni.

Kuna miezi mambo yalirudi nyuma. Julai 2021, serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, kila mtu alikumbuka kwamba noti bado zipo. Hata baada ya tozo kupunguzwa Septemba, boda wa mdogo wangu aliendelea kutembea na chenji kwenye soksi. Mwezi huo huo wa Julai, usiku wa tarehe 10, soko la Kariakoo liliungua. Ni lile jengo la mbunifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege. Mimi nilikuwa sijakanyaga huko muda mrefu, na nilijikuta nahuzunikia mahali nilipokuwa nimepakimbia.

Lakini lililonigusa zaidi lilikuja baadaye. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wamo ndani, na uokoaji ukaendelea kwa siku kadhaa. Nilimpigia mdogo wangu, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena. Alikuwa daladalani, hajafika, simu ipo ndani ya mkoba. Usingizi ulipokataa usiku ule nilifikiri: nilisema nimeacha kwenda Kariakoo, kumbe nimempa mtu mwingine aende badala yangu. Pazia langu bado linafuatwa, foleni bado inakaliwa, jua bado linamchoma mtu; mtu huyo tu ndiye aliyebadilika. Cha juu anachochukua hakinisumbui tena.

Mangi, mwenye duka la mtaani, hajafa kama wengine walivyotabiri. Hakuna ukurasa wa Instagram utakaokuuzia mafuta ya kupima ya mia tano, au robo ya sukari kwa mkopo mpaka Ijumaa. Mangi naye ameweka Lipa Namba ukutani, na mvua ikinyesha nampigia simu, anamtuma kijana na mwavuli. Nguo, vyombo, mapazia na simu ndivyo vimeondoka madukani kwa upande wangu. Viatu nasitasita, namba 39 ya mtandaoni ina tabia zake. Magauni yanakuja saizi mbili, boda anakaa kwenye ngazi akinywa maji wakati najaribu ndani, na majirani wanatoa maoni bila kuulizwa. Sasa mabasi ya mwendokasi yanabeba abiria wa Mbagala, na shoga zangu wananiambia sina tena kisingizio. Kweli, sina. Siendi vile vile.

Mama anaishi nami siku hizi, na wiki iliyopita aliagiza doti mbili za kanga kwa ujumbe wa sauti, akimwita muuzaji "mwanangu" katika kila sentensi mpaka bei ikashuka. Kanga zilipofika hakulipa. Alizitandaza juu ya tangi la pikipiki, akapima upana kwa mkono, akalowesha kidole akasugua pindo. Ya kwanza akaikubali. "Hii itachuja," akasema juu ya ya pili, akaikunja akamrudishia kijana.

Kijana akampigia muuzaji, sauti ikawekwa nje. Muuzaji akaapa kwamba haichuji. Mama akamwambia aivae yeye. Mwishowe wakakubaliana moja ibaki, moja irudi, na hela ikatumwa.

"Sawa," akasema kijana. "Na hii ya kurudi, nauli yangu nani anatoa?"

"Aliyekutuma," akasema mama.

"Aliyekataa mzigo," ikasema simu.

Mama akavuta kigoda, akamwambia kijana aisogeze pikipiki kivulini, maana maongezi bado.