Mkeka wa elfu hamsini

Wadau, poleni kwa ukimya. Nilikuwa hai, ila nilikuwa nadaiwa usingizi. Wengi mmeniuliza ile "kampuni" yetu imefikia wapi, wengine kwa nia njema na wengine kwa kunizodoa (mnajijua, nyie wa block ya pili). Leo nasema yote.

Kwa ambao hawakuwepo: mwaka jana wakati wa BTP nilipangiwa sekondari moja ya serikali huku juu, ukitoka Usa River unapanda na bodaboda hadi migomba inakuwa mingi kuliko nyumba na Mlima Meru unakuwa kama umekuinamia kichwani. Shule ina wanafunzi 640. Pale nikakutana na madam wa taaluma. Sijawahi kuona mtu anateseka na namba kama yule mama. Mitihani ikiisha anabaki ofisini mpaka giza, kaunta buku mbele, kalkuleta pembeni, anachagua masomo saba bora ya kila mtoto, A pointi 1, B pointi 2, mpaka F pointi 5, anajumlisha, saba mpaka kumi na saba divisheni wani, kumi na nane mpaka ishirini na moja divisheni tuu, na kadhalika mara mia sita arobaini. Halafu mwalimu mmoja analeta alama za Kemia kwa kuchelewa, kazi inaanza upya.

Mshkaji wangu wa chumbani anasoma Hisabati na Kompyuta. Nikamsimulia, akanyamaza, na baada ya wiki tatu akaniamsha saa nane usiku kunionyesha programu. Unaingiza alama, inakupa wastani, daraja, pointi, divisheni, nafasi, na inachapa ripoti ya mzazi. Mkeka mzima kwa dakika moja. Tukampa madam bure. Alifurahi mpaka akatuombea dua pale pale ofisini.

Basi bwana, walimu wa taaluma wanajuana. Ndani ya mwezi shule nyingine nne zikatutafuta. Hapo ndipo ugomvi wa bei ukaanza, na mwenye kosa ni mimi.

Mwenzangu alisema laki tatu kwa mwaka. Mimi nikasema una wazimu, nani atatoa laki tatu kwa wanafunzi wa chuo wasio na hata meza, tuseme elfu hamsini, mara moja, basi. Nilikuwa na sababu zangu, ila ukinibana nitakiri kwamba niliogopa tu kumtamkia mkuu wa shule namba kubwa. Nikashinda mabishano kwa sababu mimi ndiye muongeaji. Shule nne mara elfu hamsini, laki mbili. Siku ile tulikula chipsi kuku mjini karibu na Mnara wa Saa kama matajiri.

Halafu simu zikaanza. "Mwalimu, programu imegoma." Unapanda Hiace mpaka Kikatiti, unakuta printa haina wino. "Mwalimu, kuna somo halipo." Kweli halipo, maana mtaala mpya ulianza na kidato cha kwanza, sasa vidato vya chini na vya juu havifanani masomo. Mwenzangu akakaa siku mbili kurekebisha, tena bure, kwa sababu tulishauza "mara moja, basi". Na mambo haya si mageni. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitoka kwa mfumo wa GPA, ya 2015 yakarudi kwenye divisheni. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, lakini aliyekuwa ameuza programu ya matokeo mwaka ule bila malipo ya kila mwaka nadhani alilia mara mbili.

Mwisho wa muhula nikakaa na kalamu. Nauli, vocha, flashi mbili zilizopotea, chapati za barabarani: 137,000. Tumebakiwa na 63,000, yaani 31,500 kila mmoja kwa miezi mitano. Kuuza parachichi Tengeru siku ya Jumamosi kunalipa kuliko hivyo, na parachichi halikupigii simu usiku. Kisichoandikika kwenye karatasi ni kwamba mwenzangu alikuwa Maji ya Chai anahangaika na kompyuta yenye virusi jioni ya kuamkia mtihani. Ana sapu. Hajanilaumu hata siku moja, na hicho ndicho kinachoniuma.

Nikadhani dawa ni shule za binafsi. Tukaenda moja, ipo kando ya barabara kuu ya Moshi, maua getini, mlinzi mwenye sare. Mkurugenzi alitazama programu kwa makini, akauliza maswali mazuri kabisa, mwisho akauliza bei. Nikasema elfu hamsini. Wadau, niliona uso wake unabadilika, na si kwa furaha. Akasema kwa upole, "Vijana, wazazi wangu wanalipa ada ya mamilioni. Matokeo ya watoto wao niyaweke kwenye kitu cha elfu hamsini?" Akatushukuru, akatuagizia soda. Nilikunywa ile Fanta nikiwa sina ladha mdomoni.

Toka siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za bei kuliko saikolojia ya elimu (mwalimu wangu akisoma hapa, natania). Iliyonikaa ni ya Kenya. Mwaka 2000 kulikuwa na kampuni mbili za simu za mkononi, Kencell na Safaricom. Kencell iliwaangalia zaidi wenye uwezo, ikatoza kwa dakika, ukiongea sekunde kumi unalipa dakika nzima. Safaricom ikatoza kwa sekunde. Mama wa sokoni akaweza kupiga, kusema "mzigo umefika", na kukata. Nilikuwa nadhani kisa hiki ni cha bei rahisi, kumbe wala. Wao waliamua kwanza simu ni ya nani, ndipo wakatafuta kipimo cha kumtoza huyo mtu. Kencell ikaja kuwa Celtel, kisha Zain, kisha Airtel. Na M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kujisajili bure, kuweka hela bure, unakatwa pale unapotuma, yaani pale ambapo wewe mwenyewe unaona umesaidika kutopanda basi na bahasha mfukoni.

Upande wa pili mnakumbuka wenyewe Julai 2021, tozo ya miamala hapa kwetu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kulingana na kiasi. Mjomba wangu alirudi kutuma hela kwa kondakta. Septemba hiyo hiyo wakapunguza asilimia 30.

Sasa rudini kwetu mlimani. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ilipangwa 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake ni ya vitabu, haipiti shuleni. Kwa watoto 640 inabaki milioni 8 kwa mwaka mzima, humo humo chaki, mitihani, umeme, kitasa kilichovunjika. Laki tatu ya mwenzangu ilikuwa nzito kweli, hapo nilikuwa sahihi. Elfu hamsini ya mara moja ilikuwa ujinga, hapo alikuwa sahihi yeye. Na tusisahau kuna mifumo ya serikali, PREM ya NECTA na SIS ya TAMISEMI, ambayo shule hailipii. Huwezi kushindana na bure kwa kuwa rahisi. Inabidi ufanye kile ambacho ile haifanyi: mkeka wa mtihani wa wiki, ripoti ya mzazi, na mtu anayepokea simu.

Juzi usiku tukakubaliana, kila mtu kitandani kwake, taa imezimwa. Shule za serikali shilingi 300 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa shule ya madam ni 192,000, chini ya shilingi tatu katika kila mia ya zile milioni 8. Shule za binafsi 1,500 kwa mwanafunzi, lakini humo meseji kwa mzazi, mafunzo kwa walimu, na mmoja wetu anakuja kila mwisho wa mtihani. Programu ni moja. Msinishangae, hata pale lango la Ngongongare, Hifadhi ya Arusha, Mtanzania analipa kidogo na mgeni toka ng'ambo analipa zaidi, na twiga ni yule yule.

Likabaki jambo moja: madam. Yeye tulimpa bure, na ndiye aliyenipa alama nzuri za BTP. Nikasema huyu asiguswe. Mwenzangu akasema twende tukamuulize.

Jumamosi tukapanda. Shikamoo madam, marahaba wanangu, chai ya maziwa, habari za masomo. Nikazungukazunguka weee, mwisho nikatoa hoja. Akacheka. Akafungua kabati, akatoa kaunta buku. Wadau, mihula yote miwili, madam alikuwa anaingiza alama kwenye programu, halafu anakokotoa tena zote kwa mkono. Zote. "Mlinipa bure," akasema, "nikajua siku mkimaliza chuo mtaondoka nayo. Nani atakayenijibu simu mwakani?" Halafu akatuambia mkuu ameshauliza mara mbili mbona hatuleti ankara. Bila ankara na risiti hawezi kutuingiza kwenye bajeti, na hela taslimu mkononi hatoi.

Mwenzangu akanitazama. Nikaangalia dirishani.

Akatufungia mkungu wa ndizi, tukashuka nao kwenye bodaboda, mwenzangu kaukumbatia kama mtoto. Jumatatu tunaenda TRA kuchukua TIN, halafu jina la biashara BRELA, na jina lenyewe bado tunagombana. Sapu yake ni Alhamisi. Wiki hii simu zote nazipokea mimi, hata za printa. Wenye kujua kutengeneza ankara inayofanana na ankara, njooni chumbani, mtori upo.