Tulikwenda Lupingu Kuwatia Moyo Wenzetu

Mama msomaji, ukipata safari ya Lupingu usivae viatu vya kisigino. Mmoja wetu alivaa, na mpaka leo tunamtania.

Tuliondoka Makambako saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Agosti 2025. Tulikuwa akina mama wanne wa kanisa moja, pamoja na kijana wetu wa kuendesha gari. Mwaliko ulitoka kwa kikundi cha akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kupitia kwa mama mmoja wa huko ambaye tuliwahi kumuuguza alipolazwa. Jina la kikundi hatutalitaja, wala la mtu yeyote. Wenyewe walituomba hivyo, na kijiji ni kidogo.

Garini tulipakia sukari, sabuni, kanga, na bunda la chati za kufundishia afya. Chati hizo tutazirudia baadaye, maana zilituaibisha kidogo.

Makambako mnaijua. Ndipo barabara ya Songea inapoachana na ile kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA inapita hapo, na malori hulala hapo. Ni mji wa nyumba za wageni na mama ntilie. Tukafika Njombe kungali na ukungu, watu wamejifunga mablanketi, kila mtu "kamwene, kamwene", tukanywa chai ya moto na viazi. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Agosti baridi yake haina mchezo. Kisha tukashika barabara ya Ludewa. Kipande cha kutoka Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege badala ya lami, kwa sababu mvua ya kule ni nyingi na udongo wa milima huteleza. Gari linapiga kelele juu ya zege kama cherehani, lakini linafika. Wazee wanaoikumbuka njia ya zamani watakuambia habari zake.

Baada ya Ludewa mjini mambo yanabadilika. Milima ya Livingstone inasimama hapo kama ukuta, nawe unatakiwa ushuke ukuta huo hadi chini. Kona juu ya kona, mawe, vumbi. Kila baada ya muda unavua nguo moja: kwanza blanketi, halafu sweta, halafu kitenge cha mabegani. Mara ziwa linaonekana, la buluu kabisa, na ng'ambo kule milima ya Malawi kama moshi. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo tangu asubuhi tulikuwa tumeshuka karibu kilomita nzima na nusu. Kina chake kinafika karibu mita 700. Masikio yetu yalikuwa yameziba.

Lupingu ni kata ya wilaya ya Ludewa, kwenye ufuko huo. Zamani meli za Mv. Songea na Mv. Iringa zilikuwa zikitia nanga hapo, na kwa miaka mingi ziwa ndilo lililokuwa barabara ya watu wa ufukweni. Wenyeji wake wengi ni Wakisi, watu wa samaki, muhogo na vyungu. Vyungu vya akina mama wa Kikisi husafiri kwa mitumbwi mpaka masoko ya upande wa Matema. Usipa huanikwa mchangani, na usiku taa za wavuvi hujipanga majini utafikiri kuna mji kule katikati. Ni mahali pazuri sana. Lakini uzuri wa mahali haumzuii mtu kuugua.

Mkoa wetu wa Njombe, ambao mpaka 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, ndio wenye kiwango kikubwa cha maambukizi kuliko mikoa yote ya nchi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na virusi, wakati kwa taifa zima ni asilimia 4.4. Kwa maneno mengine, ni karibu mtu mmoja kati ya wanane. Ukihesabu akina mama kwenye benchi lako kanisani Jumapili, utaelewa tunachosema. Sisi tulipokuwa tukihesabu benchi, siku zote tulihesabu la mbele yetu.

Walitupokea chini ya mwembe, wanawake kumi na wanne. Mwenyekiti wao ni bibi wa miaka kama sitini, mwembamba, mwenye sauti ya kuamuru. Tuliimba wimbo mmoja, tukaomba, kisha sisi, kama wauguzi tulivyozoea, tukaanza kufungua chati: virusi vinaingiaje, kinga inapunguaje, mshale mwekundu huku, mshale wa kijani kule.

"Dada zangu," alisema bibi, "hizo karatasi tunazifahamu. Zikunjeni, mle kwanza."

Tukakunja. Wakaleta ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa, na katika kula ndipo sisi tuliofundishwa.

Walikuwa wakijua kila kitu. Kwamba dawa ni kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake. Kwamba anayekunywa vizuri hadi virusi vikawa havipimiki katika damu hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kwamba mama asiyetibiwa anaweza kumwambukiza mtoto, katika mimba, kujifungua au kunyonyesha, kwa kiasi cha watoto 15 hadi 45 kati ya mia, lakini mama anayetibiwa vema hatari hiyo inashuka chini ya watoto 5. Mmoja alitunyooshea kidole kuelekea ufukweni, walipokuwa wakicheza watoto watatu. "Wale wangu," alisema. "Wote wamepimwa, wote wazima."

Tuliwauliza, basi kikundi ni cha nini, ikiwa mafundisho mnayo? Bibi akacheka.

Akatuhadithia miaka yake ya kwanza. Dawa zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, huko ufukweni zilichelewa. Na hata zilipokaribia, yeye hakuzitaka za karibu. Alikuwa akipanda mlima ule ule tulioushuka sisi kwa gari, kwa miguu, analala juu kwa watu asiowajua, anachukua dawa, anarudi kesho yake na debe la mahindi kichwani ili majirani waseme alikwenda kuhemea. Alifanya hivyo miaka miwili. Kule juu nako, katika kituo kimoja ambacho si lazima tukitaje, benchi la kusubiri dawa liliwekwa likitazama barabara, kila apitaye anakuona. Siku moja njiani, kwenye kona, alikutana na mwanamke wa kijiji chake akishuka, naye ana debe la mahindi. Wakatazamana. "Mahindi yako mazuri," bibi akamwambia. "Na yako pia," akajibu yule. Wakakaa juu ya jiwe wakacheka mpaka wakalia. Kikundi kilianza na hao wawili.

Baadaye wakawa watano, na wakapanga zamu, kwa kibali cha kliniki: mwezi huu anapanda huyu akiwachukulia wenzake dawa, mwezi ujao mwingine, na kila mmoja anakwenda mwenyewe siku yake ya kupimwa. Hawakujua kwamba nchini Msumbiji, katika jimbo la Tete, utaratibu unaofanana na huo ulianzishwa mwaka 2008 na madaktari wa shirika la MSF, watu wachache katika kikundi kimoja wakichukuliana dawa, na kwamba baadaye nchi nyingine ziliufuata. Tulipowaambia walifurahi, lakini si sana. Walisema mtu yeyote mwenye miguu angeufikiria.

Hapa Afrika Mashariki akina mama ndio waliotangulia katika jambo hili. Noerine Kaleeba wa Uganda alimzika mumewe Januari 1987, na mwaka huo huo yeye na wenzake wakaanzisha TASO jijini Kampala. Wengi wa wenzake hao walikuwa wenyewe wana virusi na walifariki kabla dawa hazijafika. Kwetu Tanzania WAMATA ilianza 1989. Sisi tulioanza kazi ya uuguzi kabla ya 2004 tunaikumbuka wodi ya siku zile. Tulikuwa na panadoli, maji, na mikono yetu. Mgonjwa aliyekuwa na rafiki wa kukaa naye kitandani alikufa vilevile, lakini alikufa tofauti.

Wakati wa hofu haujaisha. Mwanzoni mwa 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada, habari zilifika Lupingu kwa redio, na watu wakaanza kunong'ona kwamba dawa zitakwisha. Kikundi kilikaa usiku ule ule. Kila mmoja alileta chupa yake, wakahesabu vidonge vyote kwenye ungo, wakaona vinaweza kuwatosha wote kwa muda gani endapo watagawana. Haikufika huko. Lakini walihesabu.

Ndipo tulipofika kwenye habari ya pamba.

Vidonge ndani ya chupa ya plastiki hulia. Ukiiweka kwenye mkoba na kutembea, inalia kama kayamba, na siku hizi kila mtu anaujua mlio huo. Kwa hiyo mgonjwa anayejificha hujaza pamba ndani ya chupa ili inyamaze. Bibi alisema kila mwanamke aliyeingia katika kikundi alifika na pamba yake, na desturi yao ni kwamba siku mtu atakayojisikia tayari, anaitoa mbele ya wenzake, anaitupa motoni. Hawamlazimishi. Mmoja alikaa nayo miezi saba.

Wakacheka, na sisi tukacheka. Halafu mwenzetu, yule wa viatu vya kisigino, akavuta mkoba wake, akatoa chupa, akafungua kifuniko, akaingiza vidole viwili, akatoa pamba.

Hatukusema kitu. Sisi ambao tumeimba naye sauti moja miaka kumi na mbili.

"Huu ni mwaka wa tisa," alisema.

Ndugu msomaji, mwenzetu huyu alikuwa na shangazi mgonjwa Iringa. Kila baada ya miezi kadhaa alikuwa akienda kumtazama, na mara mbili idara yetu ya akina mama ilimchangia shangazi huyo sukari na sabuni. Hakuna shangazi. Iringa ndiko alikokuwa akichukua dawa, apite mbali na vituo vyote tunakofanya kazi sisi rafiki zake. Mume wake anajua, naye anatumia dawa. Watoto wao wawili wa mwisho wamezaliwa salama. Waliokuwa hawajui ni sisi.

Mmoja wetu alimwuliza, kwa upole tu, mbona hukutuambia. Akajibu bila hasira: "Mnakumbuka yule mama wa kwaya, kwenye harusi, kikombe chake kilivyotengwa jikoni?"

Tulikumbuka. Tulikuwepo jikoni siku ile. Wauguzi wawili tulikuwa pale, tunaojua vizuri kabisa kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe, na hatukusema neno kwa sababu hatukutaka ubishi siku ya harusi. Yeye alikuwa anapanga sahani, akitutazama.

Bibi hakutusaidia. Alichukua kigoda chake, akakisogeza karibu na mwenzetu, akakaa. "Kunywa maji, mwanangu," akamwambia. Halafu: "Tukuandike kwenye zamu ya kupanda mlima?" Mwenzetu akacheka huku machozi yanamtoka. Pamba akaenda kuitupa jikoni mwenyewe, peku, viatu mkononi.

Usiku tulilala kwa mwanachama mmoja. Saa mbili, ilipoanza taarifa ya habari ya redioni, mwenye nyumba aliinuka akachukua kidonge chake, na mwenzetu akachukua chake, wakagawana maji ya chungu. Mume wa yule mama alikuwa ziwani, na chake alikwenda nacho, kimefungwa katika karatasi ya nailoni. Redio ndiyo saa yao wote.

Tuliporudi, chungu tulichonunua kilipasuka kabla ya Mawengi, na chati zilifika Makambako zimekunjwa kama zilivyoondoka. Yule mama wa kwaya tulikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake. Alitukaribisha chai, akatoa vikombe vyote vya namna moja, wala hakusema mengi. Tulistahili.

Sasa mwenzetu ana watu wa kukaa nao, Alhamisi jioni, nyuma ya duka la mmoja wetu. Ametupa ruhusa kuyaandika haya. Tulianza wanne, tukawa sita. Mmoja wa wale wapya hana virusi. Ana kisukari, na kwa miaka mitatu alikuwa akijichoma sindano chooni ili wakwe zake wasimwone. Yule mama wa kwaya amekuja mara moja. Hatujui kama atakuja tena.

Safari za Iringa zimekwisha. Siku ya kliniki, dawa anachukulia hapa hapa mjini, na mmoja wetu humsindikiza akakaa naye mpaka aitwe. Benchi la pale nalo linatazama barabara. Watu wakipita wanatusalimia, nasi tunaitikia.