Nimeuza kiwanja, nimenunua upepo

Mwenzenu sasa ni mwenye gari. Tena si kigari cha kubebea mchicha alfajiri. Ni Mercedes-Benz SLK 230, rangi ya fedha, na paa lake la chuma linajikunja lenyewe na kuingia kwenye buti kama kobe anayeficha kichwa. Unabonyeza swichi, zinapita sekunde 25 hivi, na uko wazi: jua lako, upepo wako, na macho yote ya kituo cha daladala ni yako. SLK za toleo hili la kwanza zilianza mwaka 1996 zikaishia 2004. Langu ni la 2000, yaani tunakaribiana umri mimi na gari langu, ila lenyewe limechoka zaidi.

Pesa nimezitoa wapi? Hapo ndipo penye mgogoro. Marehemu baba aliniachia kiwanja kule Chanika. Nimekiuza. Sikumwambia mama mpaka biashara ilipokwisha, na nilipomwambia hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Hilo gari lina siti ngapi?" Nikajibu mbili. Akainuka, akaingia ndani, na kwa wiki tatu tukawa watu wa shikamoo na marahaba basi.

Kabla ya kununua nilikuwa nimetafuta fundi wa Gerezani, mzee mmoja ambaye Benz kazizoea tangu ujana wake. Aliniuliza nina shilingi ngapi. Milioni kumi na nane, nikasema, kifua mbele. Akasema, "Basi tafuta gari la milioni kumi na mbili, mdogo wangu." Nilicheka kweli kweli. Nikanunua la milioni kumi na saba.

Muuzaji alikuwa bwana mmoja wa Mbezi Beach, mstaarabu, ana soda za kukaribishia wageni. Fundi hakugusa soda. Alitaka injini ikutwe ya baridi, maana gari lililopashwa moto kabla hujafika lina siri. Akalinganisha namba ya chesesi na kadi. Mimi nikakagua kwenye simu kama gari lina madeni ya faini za trafiki, kwa sababu ukishanunua, hayo madeni unahangaika nayo wewe. Kisha akaingia uvunguni kutazama gia boksi ya otomatiki. Kumbe kuna kiplagi cha waya pale chenye viraba viwili vidogo. Vikizeeka, mafuta ya gia yanapanda na waya taratibu mpaka kwenye kompyuta. Kiplagi chenyewe bei rahisi, kompyuta ndiyo inayoliza watu. Cha kwangu kilikuwa kimeanza kulowa. Akafungua buti, akapapasa zulia, akanusa vidole. "Hapa pana unyevu," akasema. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani, nimevaa miwani. Sikusikia, au tuseme nilisikia nikajifanya sikusikia.

Jumapili ya kwanza nikaenda Coco Beach kuuza sura. Wapi kwingine? Saa kumi na moja jioni, mihogo inakaangwa, warembo kibao, nami nimepaki mbele kabisa na washkaji wawili wamesimama pembeni kwa sababu nafasi ni ya mmoja tu. Nikasema sasa waone. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena. Taa nyekundu ikawaka, gari likalia kama linanizomea. Muuza mihogo mmoja akapaza sauti, "Bro, paa limegoma au umesahau kununua umeme?" Ilikuwa aibu ya mwaka! Nikampigia fundi. Akaniuliza kwa upole: "Pazia la ndani ya buti umelivuta?" Ndani ya buti la SLK kuna pazia linaloonyesha mwisho wa mizigo, lisipovutwa likashikizwa mahali pake, gari halikubali kukunja paa, linaogopa kuponda mabegi yako. Nikalivuta. Paa likafunguka kama mlango wa peponi. Lakini wale waliokuwa wanatazama walishageukia mihogo yao.

Furaha ilidumu mwezi na nusu. Siku moja nafungua buti nakuta kidimbwi, nusu maji nusu mafuta. Nikarudi Gerezani.

Kama hujawahi kwenda Gerezani kikazi, nenda siku moja. Spea za Corolla zimepangwa kama mafungu ya nyanya, unachagua. Vijana wanakukimbilia kabla hujashuka wakiuliza, "Unatafuta nini, bosi?" Nilipowatajia jeki ya paa la SLK walitazamana, wakaanza kucheka. Hapo ndipo nilipoelewa nimenunua nini. Gari la wengi lina spea za wengi. La kwangu lina spea za kuagiza kwa picha za WhatsApp, na bei niliyotajiwa ya jeki moja tu ilikuwa ya kukaa chini kwanza. Na jeki zenyewe za kusukuma paa lile, fundi kaniambia, ziko tano.

Yule mzee ndiye aliyeniokoa. Alisema jeki haijafa, kilichokufa ni sili, viraba vya ndani vilivyokauka kwa umri na joto la pwani. Akaifungua juu ya gazeti, akapima raba kwa kifaa chake, akamtuma kijana duka la vifaa vya haidroliki vya magreda na makatapila. Raba za katapila zikaingia kwenye gari la matanuzi! Upande wa maji ulikuwa rahisi zaidi na uliniuma zaidi. Gari hizi zina vinjia vya kutolea maji ya mvua chini ya kingo za paa. Majani yakijaa, maji yanakosa pa kwenda, yanaingia ndani. Mimi nalaza gari chini ya mwarobaini kwa ajili ya kivuli. Na zile raba za kuzunguka madirisha nilikuwa nimezipaka grisi, eti nazitunza. Mzee alizitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyekula sabuni. Grisi inavimbisha raba, akasema. Futa kwa sabuni laini, zikauke, kisha paka silikoni. Jeki tatu zilipata sili mpya. Mbili aliziacha kwa sababu pesa yangu iliishia hapo. Ile milioni ya akiba ilikuwa imekwisha, na nikakopa kwa shemeji juu yake.

Ikaja shughuli Bagamoyo. Mama mdogo anaoza binti yake, na mama hana usafiri. Dada zangu walishajazana kwenye Noah ya jirani. Mama akatoka na begi lake, akalitazama gari, akalizunguka, akaketi bila kusema neno, khanga kaifunga kichwani kwa fundo la mtu anayekwenda vitani.

Kutoka Mwenge hadi Bagamoyo si mwendo wa kubeza. Mpaka Tegeta nilifunga paa, maana saa sita mchana kulifungua ni kujikaanga, na moshi wa malori unakuingia mpaka kwenye meno. Tulipopita Bunju na kuvuka Mto Mpiji, mji ukaachia, minazi na mikorosho ikaanza, wingu likafunika jua. Nikasimama pembeni, nikafungua. Mama alishika dashibodi. Kisha akaachia. Pale Mapinga watoto wa shule walitupungia mikono, naye akawapungia, mara moja, haraka, kama hataki nione. Kwenye kila tuta gari lilikwaruza tumbo, naye kila tuta akasema, "Innalillahi."

Karibu na Kerege mvua ikatushukia bila hata kubisha hodi. Paa la gari hili hulifungi ukiwa unakwenda, lazima usimame. Nikasimama, nikabonyeza. Likainuka, likafika katikati, likabaki limesimama angani kama mdomo wa mamba. Zile jeki mbili zilizoachwa! Maji yanamiminika kwenye viti vya ngozi, bodaboda wamejisitiri chini ya mkorosho wanatutazama kama sinema. Fundi alishanifundisha: zima gari, subiri presha ishuke, lisukumeni taratibu kwa mikono, mtu huku na mtu huku, lisipinde. Mtu wa huku nilikuwa mimi. Mtu wa kule alikuwa mama yangu mzazi, mwenye miaka sitini na moja, kalowa chapachapa, kashika chuma, ananiamuru, "Sukuma sawasawa, wewe! Unavuta upande wako tu!" Likashuka. Tukaingia ndani, tukakaa kwenye maji. Wapo wanaosema jina la Bagamoyo limetokana na kubwaga moyo, wapagazi wakifika pwani baada ya safari ndefu. Wa kwangu niliubwaga Kerege, sikuusubirisha hadi mjini.

Tulifika kwa mama mdogo tumelowa kama samaki wa soko la pale ufukweni. Wakatupa khanga kavu na chai ya tangawizi. Wajomba wakatoka kulitazama gari, wakalipigapiga boneti, wakasifia. Mama mdogo akauliza, maana alikuwa hajasikia, "Na kile kiwanja cha shemeji marehemu kule Chanika, mmeshaanza kujenga?"

Wote wakamgeukia mama. Mama akapuliza chai yake.

"Kiwanja hicho hapo nje," akasema. "Kimeegeshwa chini ya mwembe."

Walicheka mpaka kikombe kimoja kikaanguka. Mimi nilitoka barazani, mvua imekatika, nikaanza kuokota majani ya mwembe kwenye vile vinjia vya maji, moja moja. Baada ya muda nikasikia kandambili. Mama alisimama upande ule ule aliosukuma Kerege, akaanza kuokota ya upande wake.