Nani Ahesabuye Magoli?

Nataka kuandika habari za mchezo uliowashika vijana wengi wa Uganda siku hizi, yaani mpira wa kubuni, ambao sisi twauita fantasi. Mzee akimwona kijana mpenzi wa Arsenal akirukaruka kwa goli la Manchester City, hudhani amerukwa na akili. Sivyo. Yule mfungaji yumo katika timu yake ya fantasi.

Kwa wale wasioujua, nitaueleza kwa kifupi. Katika fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza mtu hupewa paundi milioni 100 za kubuni, akanunua wachezaji 15, wala haruhusiwi kuchukua zaidi ya 3 wa klabu moja. Wale wanapocheza kweli uwanjani, yeye hupata pointi. Fowadi akifunga goli ni pointi 4, kiungo 5, beki 6. Atoaye pasi ya goli hupata 3. Pointi za nahodha uliyemchagua huhesabiwa mara mbili. Kuingia ni bure, kwa hiyo msiuchanganye na ile michezo ya kamari inayomaliza fedha za watu mijini.

Wengi wetu hufikiri kwamba mchezo huu ulizaliwa na simu. La, una umri kuliko baba zetu wengi. Mwaka 1962 Mmarekani mmoja, Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa katika timu ya Oakland Raiders, aliubuni pamoja na wenzake katika hoteli ya New York, kwa ajili ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Mwaka 1963 wakaanza kucheza, na timu zao zilikuwa 8 tu. Kwa mpira wetu wa miguu, Riccardo Albini aliubuni huko Italia, na mwaka 1991 Andrew Wainstein akauanzisha Uingereza. Mwaka 1994 magazeti makubwa ya nchi hizo mbili, La Gazzetta dello Sport na Daily Telegraph, yakauchukua. Mwaka 2002 Ligi Kuu yenyewe ikafungua mchezo wake katika intaneti, na miaka hii ya karibuni timu zilizoandikishwa zimepita milioni 11.

Basi, kutoka timu 8 mpaka milioni 11, kumebadilika nini? Sheria bado zafanana: wachague watu, ungoje mechi, uhesabu. Nasema kilichobadilika ni mwenye kuhesabu. Zamani mchezaji mwenyewe alikuwa karani. Leo wako watu wa kampuni ya Opta ambao kazi yao ni kuandika kila pasi, kila shuti na kila mpira ulionyang'anywa, na mashine huyageuza hayo kuwa pointi hata kabla wachezaji hawajaingia bafuni. Kwetu Afrika Mashariki nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, kisha simu za bei nafuu zikaenea, na leo ndugu, waimbaji wa kwaya na wafanyakazi wa duka moja waweza kuwa na ligi yao na kutaniana katika WhatsApp usiku kucha. Mzigo ulitolewa kichwani, ndiyo sababu kila mtu akaweza kutembea.

Uzito wa mzigo huo sisi twaujua, kwa kuwa shuleni hapa simu ni marufuku. Wakati wa likizo kila mmoja ana timu yake, lakini shule ikifunguliwa timu hizo hulala. Muhula uliopita wavulana 10 wa kidato cha sita tulianzisha ligi ya daftari, nami nikawa karani. Tulitegemea gazeti lifikalo maktaba siku moja nyuma. Kila Jumanne baada ya chakula cha jioni nilihesabu pointi za watu 10, na mara nyingi kengele ya kulala iligonga sijamaliza. Tena ubishi ulikuwa mwingi, maana gazeti husema nani alifunga, walakini si kila siku lasema nani alitoa pasi. Hapo nilifahamu kwa nini mabwana wa Oakland walikuwa wachache.

Ndipo mwenzetu mmoja akauliza swali lililotunyamazisha: "Kwa nini twahesabu watu wa Liverpool ambao hatujawaona, nasi Jumamosi twakaa kando ya uwanja tukitazama mechi za mabweni ambazo hakuna azihesabuye?" Tukakubaliana kwamba kila mmoja anunue wachezaji 5 kutoka mabweni yote 4. Watu wawili walisimama pembeni na penseli, mmoja akitazama, mmoja akiandika.

Jumamosi ya tatu daftari lilituonyesha jambo. Aliyeongoza kwa pointi hakuwa yule fowadi aimbwaye na shule nzima. Alikuwa beki wa kushoto wa kidato cha tatu, kijana mpole ambaye wengi wetu hatukujua hata jina lake. Bweni lake lilikuwa halijafungwa hata goli moja. Mara kila mtu akamtaka.

Jumamosi ya nne bweni lake lilifungwa magoli 3, na wenye kumnunua wakamwuza. Jioni alikuja mezani kwangu, akaliona jina lake limepigwa mstari. Akaniuliza kwa adabu, "Kaka, mmeniuza kwa sababu gani?" Nikamwonyesha hesabu. Akaitazama kitambo, kisha akasema kwamba siku ile alichezeshwa upande wa kulia, kwa sababu mwenzake alikuwa na malaria. Hayo yalikuwa kweli, na hesabu nayo ilikuwa kweli. Daftari letu halina safu ya mambo kama hayo, wala mashine ya Uingereza haina.

Tangu jioni ile nimeuona mchezo huu kwa jicho jingine. Katika simu tunamwuza mtu kwa kidole, naye hatatujia mezani. Labda kwa sababu hiyo wako watu wawatumiao wachezaji matusi kwa ajili ya pointi tu, na wachezaji kadhaa wamelalamika hadharani. Mashine imetuondolea kazi ya kuhesabu, na pamoja nayo imetuondolea uso wa yule tunayemhesabu. Sisemi tuiache. Likizo ikifika nitafungua timu yangu kama wengine. Nasema tu kwamba mchezo huu hufuata mahali palipo na karani, na Opta hawatakuja kusimama pembeni mwa uwanja wetu. Tusipowahesabu watu wetu sisi wenyewe, hakuna mwingine atakayewahesabu.

Yule beki alinunuliwa tena Jumamosi iliyofuata na watu 4, nami ni mmoja wao.

Daftari nitawaachia ndugu wa kidato cha tano nitakapoondoka mwisho wa mwaka. Nanyi wazee wetu, tuna ombi moja. Katika maktaba kuna vikombe vya mabweni vyenye miaka iliyochongwa, walakini hakuna karatasi ionyeshayo nani alicheza wala nani alifunga. Mwenye kukumbuka, tafadhali atuandikie: mwaka, bweni, majina ya wachezaji na matokeo. Kurasa za mwisho za daftari tumeziacha wazi kwa ajili yenu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita